Hosipawa au Njia ya Maji: Ufungaji wa Pampu za Mabwawa na Matangi Makubwa ya Samaki

Mabwawa ya kuogelea ya nyumbani, kuanzia Mbweni na Masaki hadi Nyali na Karen, mara nyingi hujengwa kwa mpangilio ambao mafundi wameurithi bila kuuhoji. Shimo huchimbwa, nondo husukwa, mabomba hulazwa kwa kipimo kilichopatikana dukani siku hiyo, zege humwagwa, vigae hubandikwa, na mwisho kabisa mtu hutumwa mjini akanunue pampu. Huko dukani huulizwa swali moja: ya hosipawa ngapi? Wanaoweka matangi makubwa ya samaki sebuleni hufuata njia ileile, isipokuwa wao husoma idadi ya lita kwa saa iliyoandikwa kwenye boksi. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Pampu ndiyo kifaa chepesi kuliko vyote kubadilisha: hufunguliwa yuniani mbili na nyaya tatu, ikatoka kabla ya chakula cha mchana. Bomba lililozikwa halitoki bila kuvunja sakafu. Kwa hiyo fedha na usimamizi vianzie kwenye njia ya maji, na pampu ichaguliwe mwishoni, kwa hesabu, iwe ndogo kadiri njia hiyo inavyoruhusu.

Msingi wa hoja ni jambo la kifizikia ambalo halizungumzwi vya kutosha. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu ya paa inanyanyua uzito: maji yanatoka chini na kubaki juu, na bomba liwe pana au jembamba, kazi hiyo haikwepeki. Pampu ya bwawa hainyanyui kitu. Maji yanatoka bwawani, yanapita kwenye kikapu cha kunasa nywele na majani, yanapita kwenye chujio la mchanga, kisha yanarudi bwawani kwenye usawa uleule yalikotoka. Hata chumba cha pampu kikiwa juu ya bwawa, nguvu inayotumika kuyapandisha hurudishwa yanaposhuka. Kazi inayobaki ni moja tu, kuushinda msuguano wa mabomba, elbo, valvu na mchanga. Kila yuniti ya umeme inayolipiwa ni malipo ya msuguano, na kiasi chake kiliamuliwa na aliyelaza mabomba. Ndiyo sababu zile pampu ndogo za maji safi ya nyumbani, zilizotengenezwa kusukuma maji machache kwa shinikizo kubwa, hazifai bwawani hata kidogo. Zinatoa shinikizo ambalo bwawa halilihitaji, hazitoi wingi wa maji linaouhitaji, na uchafu kidogo tu huzikwamisha kwa kuwa nafasi kati ya gurudumu lao na ganda ni finyu mno.

Tuchukue bwawa la mita 10 kwa 5 lenye kina cha wastani cha mita 1.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Kwa bwawa la familia inakubalika kwamba maji ya kiasi hicho yapite kwenye chujio kila baada ya saa 8 hivi, kwa hiyo pampu inatakiwa kutoa mita za ujazo 9.4 kwa saa. Yakipitishwa kwenye bomba la PVC la milimita 50, ambalo mafundi huliita la inchi moja na nusu na ambalo upana wake wa ndani ni kama milimita 45, yatakwenda kwa kasi ya mita 1.6 kwa sekunde. Upande wa kufyonza hupendekezwa kasi isizidi mita 1.8 kwa sekunde, kwa hiyo bomba hilo linapita, lakini kwa shida. Katika mita 30 zilizonyooka litameza shinikizo la takriban mita 1.8 za maji. Likilazwa la milimita 63, lile la inchi mbili, hasara inashuka hadi nusu mita na kidogo. Sasa tufanye yale yanayofanyika mara nyingi: bomba la milimita 50 libaki, ifungwe pampu ya kutoa mita za ujazo 20 kwa saa ili maji yasafike upesi. Kasi inakaribia mita 3 na nusu kwa sekunde, na mita zilezile 30 zinameza shinikizo la mita 7. Kwa wingi uleule wa maji, upana wa bomba ukiongezeka mara mbili, msuguano unapungua karibu mara thelathini. Hakuna pampu, hata ya bei gani, inayotoa faida ya namna hiyo. Na hapo elbo hazijahesabiwa. Elbo moja ya nyuzi 90 huweza kugharimu sawa na mita moja na nusu hadi mbili za bomba lililonyooka. Fundi anayekwepa msingi wa nyumba kwa elbo kumi na mbili ameongeza njia ya mita ishirini ambayo mwenye nyumba hataiona kamwe, ila kwenye bili.

Wapo watakaosema kwamba pampu kubwa, hata kama inakula umeme, angalau inasafisha vizuri zaidi. Dai hili linastahili jibu la makini kwa sababu ndilo linalouza pampu nyingi. Maji yaliyochujwa hurudi na kuchanganyika na ambayo hayajachujwa, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili hauna maana kwamba kila tone limepita kwenye mchanga. Hesabu ya uchanganyikaji huo, inayojulikana tangu kazi ya Gage na Bidwell ya mwaka 1926, inaonyesha kwamba mzunguko wa kwanza huchuja takriban asilimia 63 ya maji, wa pili unafikisha 86, wa tatu 95 na wa nne 98. Kinachosafisha, basi, ni idadi ya mizunguko kwa siku, na mizunguko hiyo hupatikana kwa mwendo wa taratibu wa saa nyingi sawasawa na kwa mwendo wa kasi wa saa chache. Upande wa chujio mwendo wa taratibu unashinda waziwazi. Chujio la mchanga lenye kipenyo cha milimita 600 lina uso wa mita za mraba 0.28. Maji ya mita za ujazo 9.4 kwa saa hulipitia kwa kasi ya mita 33 kwa saa, ambayo mchanga unaimudu; maji ya mita za ujazo 20 hulipitia kwa zaidi ya mita 70, wakati machujio ya nyumbani kwa kawaida hayakusudiwi kuzidi 50. Kwa kasi hiyo maji huchimba vijia ndani ya mchanga, na vumbi laini hupenya hadi bwawani. Mwenye bwawa anaona maji yana ukungu, anaongeza klorini, kisha anafikiria kununua pampu kubwa zaidi.

Upande wa kufyonza ndiko makosa ya ufungaji yanakojificha zaidi. Pampu haivuti maji kwa maana halisi. Hupunguza shinikizo mbele yake, na hewa inayokandamiza uso wa bwawa ndiyo inayoyasukuma kuelekea kwenye gurudumu. Usawa wa bahari hewa hiyo inaweza kusukuma maji hadi mita 10.3 kinadharia, na kwa vitendo si zaidi ya 6 au 7. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, shinikizo la hewa limepungua kwa takriban moja ya tano, hivyo hata nadharia inaishia mita 8 na kidogo. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya Mombasa na kupelekwa Karen bila marekebisho unapoteza sehemu ya akiba hiyo kabla haujawashwa. Shinikizo likishuka mno ndani ya pampu, maji huchemka bila joto: viputo huzaliwa, vikafika penye shinikizo kubwa vikapasuka, na kila kimoja hula chembe ya gurudumu. Mlio wake ni wa kokoto zinazozunguka ndani ya chuma. Mafundi wengi wakiusikia hulaumu beringi. Dawa iko kwenye bomba: upande wa kufyonza uwe mpana kuliko wa kurudisha, mfupi kadiri inavyowezekana, usio na mgongo ambapo hewa itajikusanya, na bomba linyooke kwa angalau mara tano ya upana wake kabla ya kuingia kwenye pampu. Elbo iliyobandikwa mdomoni mwa pampu kwa kuokoa nafasi hupeleka maji yakiwa yanajizungusha, na gurudumu linabeba mzigo upande mmoja. Pampu ikiweza kuwekwa chini ya usawa wa maji, nusu ya matatizo haya hutoweka, mradi kuna valvu za kufunga pande zote mbili na chumba kina njia ya kutoa maji; chumba kilichochimbwa chini pasipo njia hiyo hugeuka kisima wakati wa masika, na mota ikazama.

Njia ya maji ikishakuwa pana, ndipo mwendo wa taratibu unapolipa. Kwa kuwa bwawani kazi yote ni msuguano, kasi ya mota ikipunguzwa nusu, maji hupungua nusu, shinikizo hubaki robo, na nguvu inayotumika hushuka hadi moja ya nane. Pampu ya kilowati 1.1 inayofanya kazi saa 8 hutumia yuniti 8.8 kwa siku. Ikizungushwa nusu ya kasi kwa saa 16, imesogeza maji yaleyale kwa yuniti 2.2 kinadharia, tukihesabu upotevu wa mota, tuseme 3 hadi 4. Kwa anayenunua LUKU au tokeni, hiyo ni tofauti inayoonekana kila wiki. Marekani haikuliacha jambo hili kwa hiari ya wanunuzi. Tangu Julai 2021 viwango vya ufanisi vya wizara yake ya nishati vimefanya pampu nyingi mpya za mabwawa yaliyochimbwa ardhini, isipokuwa zile ndogo, ziwe za kasi inayobadilishwa.

Kuna pingamizi la haki hapa, nami silipuuzi. Pampu za kasi inayobadilishwa ni ghali, zina bodi za kielektroniki, na umeme wetu hupanda na kushuka kiasi cha kuziunguza. Kwenye mtaa ambako volti hushuka kila jioni, au ambako umeme hurudi kwa kishindo baada ya kukatika, bodi hiyo itahitaji kilinzi cha volti, na ikiharibika huenda kipuri kisipatikane kwa wiki kadhaa. Lakini pingamizi hili, likifuatwa hadi mwisho, linaitia nguvu hoja ya bomba. Asiyetaka elektroniki anaweza kupata sehemu kubwa ya faida kwa pampu ya kawaida ya kasi moja, ndogo, iliyofungwa kwenye mabomba mapana. Bomba pana halina bodi ya kuungua. Tahadhari moja tu: chujio la mchanga linapooshwa kwa kurudishia maji kinyume, linahitaji mkondo wa nguvu, mita 40 hadi 50 kwa saa, ili mchanga unyanyuke na kuachia uchafu. Pampu ndogo mno itashindwa kuliosha chujio kubwa. Ndiyo maana pampu na chujio huchaguliwa pamoja, kamwe si kimoja leo na kingine mwaka kesho.

Hadi hapa nimezungumzia fedha. Pampu kubwa kwenye njia nyembamba ina hatari nyingine ambayo haipimwi kwa yuniti. Tundu la sakafuni lenye kipenyo cha milimita 200, likizibwa na mwili wa mtu huku pampu ikiendelea kufyonza kwa nusu ya shinikizo la hewa, humshika kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 160. Mtoto hawezi kujinasua, na mtu mzima mmoja hawezi kumtoa. Mwaka 2002 huko Virginia, Marekani, msichana wa miaka saba aitwaye Graeme Baker, mjukuu wa aliyekuwa waziri wa mambo ya nje James Baker, alinaswa hivyo kwenye bwawa dogo la maji moto akafa maji. Mama yake alipigania sheria, nayo ikasainiwa Desemba 2007 kwa jina la binti huyo: mifuniko ya matundu iwe ya umbo lisiloweza kuzibwa na mwili, na mabwawa ya umma yenye tundu moja yawekewe kinga ya ziada. Kinga ya msingi ni ya bomba, na ni rahisi kuliko zote: matundu mawili, yaliyoachana kwa karibu mita moja au zaidi, yakiungana kwenye bomba moja pana, ili moja likizibwa maji yatokee kwa jingine. Hilo haliwezekani kuongezwa baada ya zege. Bwawa lenye tundu moja lililounganishwa moja kwa moja na pampu lisiogelewe kabisa mpaka lirekebishwe, hata kama ni la nyumbani na wanaoogelea ni watoto wa nyumba hiyo tu.

Umeme unafuata mantiki ileile ya kufanya mapema yale yasiyorekebishika. Kanuni za kimataifa za IEC hugawa eneo la bwawa kwa kanda: ndani ya maji, hadi mita 2 kutoka ukingoni, na mita 1.5 zaidi ya hapo. Pampu ya kawaida ya umeme wa gridi inapaswa kukaa nje ya kanda hizo, au kwenye chumba chake maalumu, ikilindwa na swichi inayokata umeme unapovuja kwa kiwango cha miliampia 30. Nondo za bwawa, ngazi ya chuma na ganda la pampu viunganishwe pamoja kwa waya, kila kitu anachoweza kushika mwogeleaji kiwe na volti sawa. Waya huo huungwa kwenye nondo kabla ya zege; ukisahaulika, umesahaulika. Kebo nayo ina msuguano wake. Ikiwa nyembamba kwa umbali wa mita 60 kutoka kwenye nyumba, mota itapata volti pungufu, itavuta mkondo mkubwa zaidi, itapata moto na kuungua ingawa kila kitu kilionekana sawa siku ya kukabidhi. Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni, ile ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya.

Tangi kubwa la samaki linaonekana kuwa bwawa lililopunguzwa, lakini hesabu yake inageuka mahali pamoja muhimu. Katika mifumo mingi ya tangi la lita 1,000, chujio liko kwenye tangi dogo ndani ya kabati la chini. Maji hushuka yenyewe kwa kufurika, na pampu huyarudisha juu, mita moja na nusu hivi. Hapa pampu inanyanyua kweli. Ile namba ya boksi, lita 5,000 kwa saa, hupimwa bila kunyanyua chochote; pampu ambayo mwisho wake ni mita 3 huweza kubakiwa na karibu nusu ya maji hayo ikifika juu. Na kwa kuwa kuna kimo cha kushinda, kupunguza kasi hakulipi kama bwawani: chini ya kasi fulani maji yanaishia njiani na hakuna kinachotoka. Kwa hiyo anayehitaji mizunguko minne au mitano kwa saa lazima asome mchoro wa utendaji wa pampu, asiishie kwenye namba kubwa ya mbele ya boksi. Aangalie pia wati, kwa sababu pampu iliyozamishwa humwaga joto lake ndani ya maji, na kwenye sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari tangi halina pa kulipeleka. Maji ya nyuzi 30 hubeba miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita, dhidi ya 9 kwenye nyuzi 20. Pampu zenye sehemu za shaba zisikaribie tangi la maji ya bahari. Shaba inayeyuka kidogo kidogo na kuua matumbawe, kamba na konokono.

Umeme unapokatika, ubora wa bomba la tangi hujulikana ndani ya dakika moja. Mdomo wa bomba la kurudisha ukiwa sentimita 20 chini ya uso wa maji, tangi lenye uso wa mita 2 kwa 0.8 litajimwaga kinyumenyume hadi lita 320, na tangi la kabatini haliwezi kuzipokea, zitaishia sakafuni. Mdomo uleule ukiwekwa sentimita 3 chini ya uso, ni lita 48 tu zinazorudi. Wengi hutegemea valvu ya kuzuia maji yasirudi, lakini valvu hiyo hukwamishwa na kichembe cha mchanga au konokono mdogo. Mahali pa mdomo hapakwami. Kisha kuna samaki wenyewe. Wale wa Ziwa Tanganyika, wanaosafirishwa kutoka Kigoma na Bujumbura hadi matangi ya Ujerumani na Marekani, wamezoea maji yenye pH ya karibu 9. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iliyomo majini iko katika hali yake ya sumu; kwenye pH 9, ni zaidi ya theluthi moja. Bakteria wanaoimaliza amonia hiyo wanaishi kwenye chujio na wanahitaji oksijeni inayoletwa na mkondo. Kwa tangi la namna hii, betri ndogo ya kuendesha pampu ya hewa au pampu ya umeme wa mkondo wa moja kwa moja inahitajika tangu siku ya kwanza, na nafasi yake itengwe kabatini wakati kabati linachorwa.

Wengine watauliza kama inafaa kuandika haya yote katika miji ambako ndoo ya maji bado hununuliwa. Swali ni zito. Lakini mabwawa yanajengwa, na tofauti kati ya lililofungwa vizuri na lililofungwa vibaya hupimwa kwa maji yaleyale ya mji. Bwawa linalochujwa ipasavyo huweza kutunza maji yake kwa miaka, likiongezewa yanayopotea kwa mvuke na kwa kuosha chujio, ambako kila mara huchukua lita mia kadhaa. Bwawa ambalo chujio lake limeshindwa humwagwa lote kila linapogeuka kijani, na kulijaza upya ni maboza saba au nane ya lita 10,000. Bomba linalovuja chini ya sakafu hufanya vibaya zaidi, kwa sababu hupoteza maji mchana na usiku bila mtu kujua.

Ndiyo maana ukaguzi unaofaa kulipiwa ni ule wa kabla ya zege. Mchoro uonyeshe kipimo cha kila bomba, matundu mawili ya sakafuni, waya wa kuunganisha nondo, na hesabu ya shinikizo ambayo pampu itachaguliwa kwayo. Mabomba yote yazibwe ncha, yajazwe maji na kuwekwa chini ya shinikizo la bar 2 kwa angalau saa 24, geji ikisomwa na mwenye nyumba mwenyewe jioni na asubuhi, na shinikizo hilo liachwe ndani wakati zege linamwagwa, ili reki au koleo likitoboa bomba ionekane palepale. Mshale wa geji ukishuka usiku huo, fundi anatafuta kiungo kinachovuja akiwa bado anaweza kukiona na kukishika.